Mmea Uliozikiwa Kitovu

Naetwe alikuwa anamsuka mama mkwe wake kibarazani, jua la asubuhi likiwa limeanza kupasha ukuta, kidole chake kilipozama kichwani mwa yule mama. Hakikuzama sana. Palibonyea kama unga uliokandwa, halafu chini ya ngozi kitu kikapwita, tup, tup, tup.

Akautoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto.

"Mbona umeacha?" akauliza Bibi Nakijwa. "Mistari mitatu tu umeshachoka? Wakwe wa siku hizi!"

"Mama, ulijigonga kichwa mahali?"

"Nijigonge wapi? Nimekuwa mbuzi?"

Naetwe akarudisha kidole taratibu. Kila mwanamke aliyelea anapajua pale. Ni kwenye utosi wa mtoto mchanga, mahali ambapo ukimwogesha unapitisha kiganja tu, na hata maji unayamwaga kwa woga. Mtoto akishaanza kutembea panaziba, na pakishaziba basi, pamefungwa mpaka kaburini. Lakini Bibi Nakijwa, mwanamke aliyezaa akazika, aliyebeba mizigo ya tangawizi kichwani kutoka Mraoni mpaka tambarare tangu ujana wake, utosi wake ulikuwa wazi.

Akamalizia kusuka kwa kupazunguka pale katikati. Akamfunga kitambaa. Bibi hakuuliza tena, kwa sababu alikuwa ameanza kunyonya kidole gumba.

Mpaka miezi michache kabla ya hapo Mraoni nzima ilikuwa inasherehekea. Mponya ulikuwa umeota kwenye kila uwanja, kichaka chenye majani manene ya kijani iliyokolea, na watu walikuwa wanajiona wana bahati kuliko milima yote ya Upare. Ukiumwa, unainama, unalamba jani la chini bila kulichuma. Unasubiri kidogo. Jani likigeuka jekundu ujue mmea umekuelewa. Unachuma lile la juu yake, unatafuna, unameza. Homa, kuhara, kifua, vidonda, presha, vyote jani hilohilo. Mmea wenyewe unapika dawa kulingana na mate yako.

Goti la mtu likikaa kimya baada ya miaka ya kulia, nani atauliza maswali? Mikunjo iliwatoka wazee usoni. Mzee Mshighwa, jirani yao, alidondosha meno yote, kisha fizi zikaanza kutoa mengine madogo meupe kama punje za mchele. Vijana walimcheka mpaka wakakaa chini.

"Mzee, ukianza darasa la kwanza tuambie tukununulie daftari!"

"Nitaanza na dada zenu," aliwajibu, "maana sasa nina meno ya kuwang'ata."

Kicheko kilikoma siku mkono wake ulipojikunja akiwa ameinua ndoo. Haukuvunjika. Ulijikunja, kama kijiti kibichi. Baada ya hapo miguu nayo ikakataa, na mke wake akawa anambeba mgongoni kwa kanga kumtoa nje kuota jua.

Sasa utosi wa Bibi Nakijwa. Na Kajiru, mume wa Naetwe, alikuwa anatembelea fimbo.

Naetwe peke yake mifupa yake ilikuwa bado mifupa. Hakuwa na uchawi. Shina moja linatoa majani machache kwa juma, na yeye la kwake alikuwa anamwachia mwanawe.

*

Mwanawe huyo, Nakundwa, alikuwa darasa la kwanza, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Ukimwona anaruka kamba usingeamini kwamba ana ugonjwa wa damu, selimundu. Naetwe mwenyewe alikuwa anasahau siku nyingine, kisha anakumbuka ghafla akiwa anaosha vyombo.

Kwa sababu alikuwepo Mbonea kabla yake. Mbonea, mtoto wake wa kwanza, naye alikuwa na selimundu. Vidole vilivimba kama soseji, akalia mpaka sauti ikaisha, akabaki anafungua mdomo bila kutoa kitu. Bibi Nakijwa alikuwa akimchemshia gome la mjafari, gome la upande wa macheo na gome la upande wa machweo, akienda kulichuna bila kuongea na mtu njiani. Zahanati nayo ilikuwa inatoa vidonge. Gome halikumponya, na vidonge havikumponya, lakini kati ya hivyo viwili mtoto alikuwa anapata usingizi. Alifika miaka ya kupoteza meno ya utoto, akafa.

Ndiyo maana watu wa Shirika la Tiba Moja walipopanda kilima na miche yao, nyumba ya Naetwe ilikuwa ya kwanza kusema ndiyo. Alikuwa na mimba ya Nakundwa. Mche wa kwanza kabisa wa Mraoni ulipandwa uwanjani kwake, na majirani wote walikuja baadaye kukata vipandikizi kutoka kwenye huo.

Shirika lilikuwa na sharti moja: dawa za zamani ziondoke. Walisema mizizi yake inauchanganya Mponya, unashindwa kusikia vizuri. Basi watu wakaingia na mapanga. Mwarobaini wa shuleni ukaangushwa, mlonge, mivumbasi ya kujifukizia, mishubiri ya kandokando ya njia. Mijafari yote ya bondeni ikang'olewa mpaka visiki, na vijana walikuwa wanaimba. Jamani, waliimba! Naetwe naye alibeba panga na mimba yake, akakata. Zahanati ikafungwa kwa kukosa wagonjwa, muuguzi akahamishwa, jengo likawa ghala la miche.

Nani angekumbuka kuacha hata mti mmoja?

*

Fundi wa Shirika alikuja Kajiru alipompigia simu na kumlilia. Aliitwa Mfinanga, kijana wa Usangi, mpole, mwenye buti safi. Alimwamkia bibi shikamoo, na bibi akamcheka, akashika pua yake.

Naetwe akamwelekeza. "Mguse utosini."

Mfinanga aligusa. Rangi ikamtoka usoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye Mponya, akachimbua udongo kwa mkono, akachomeka kijiti cha kioo kwenye mzizi na kuangalia kikasha chake. Aliangalia muda mrefu. Akafuta kioo kwa shati, akaangalia tena.

"Mama Nakundwa," akasema, "tulipopanda mmea huu tuliweka kichupa kwenye shimo. Kilikuwa na kielelezo, yaani chembe za mwili wa mtu mzima mwenye afya. Mmea unapolambwa unalinganisha. Unajiuliza, huyu ametofautiana wapi na kielelezo? Halafu unatengeneza dawa ya kumrudisha afanane nacho. Sasa mmea huu hausomi kichupa. Unasoma kitu kingine. Hapa mlizika nini?"

Naetwe akamwangalia Kajiru. Lakini aliyejibu ni Bibi Nakijwa, kwa sauti ya zamani kabisa, kama mtu aliyechungulia dirishani mara moja.

"Kitovu cha mjukuu wangu! Nilichimba mwenyewe."

"Kitovu?"

"Mgomba wetu ulikufa kwa mnyauko. Ulitaka tukizike wapi? Kwenye ndoo?"

Ndivyo ilivyokuwa, na wala haikuwa siri. Kitovu cha mtoto kilipodondoka kilizikwa kwenye shina bichi kuliko yote uwanjani, ili mtoto asitawi kama shina lile. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Mshighwa, mke wa yule mzee jirani, alikuwepo, alileta ndizi.

Mfinanga alikaa chini kwenye udongo na suruali yake nzuri.

"Ulipokuta nyama ya mtu mzizini," akasema, "uliona hiyo ndiyo kielelezo. Mtoto mchanga. Kwa hiyo kila anayelamba anaambiwa amekosea kwa kuwa mtu mzima, kidogo kidogo, jani kwa jani, miaka yote hii. Mfupa mgumu ni ugonjwa. Jino ni ugonjwa. Fuvu lililofunga ni ugonjwa. Na vipandikizi vyote vya Mraoni vinaongea na huu chini kwa chini, kwa nyuzi za ukungu, vinauliza, nao unavijibu."

"Basi waache kula," akasema Kajiru. "Leo hii waache."

"Wakiacha watabaki hapo walipofika, na hapo walipofika hawataishi sana. Moyo nao ni nyama, Baba Nakundwa. Wanahitaji jani la kuwakomaza upya. Shina hili likitoka na mizizi yake yote, mengine yatakosa wa kuyajibu, yatarudi kwenye vichupa tulivyoyawekea. Majani yatakuwa sawa kabla ya masika kuisha."

"Tukawalambishe kijiji kingine?"

"Milima yote hii ilichukua vipandikizi hapa kwenu. Na huko mbali, hawa mtawabebaje? Mtafika na mifuko ya nyama."

Kajiru akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu. "Basi kazi ndogo. Tung'oe."

Naetwe hakutabasamu. Alikuwa anamwangalia Mfinanga, na Mfinanga alikuwa anaangalia buti zake.

"Na Nakundwa?" akauliza.

Fundi akakifunga kikasha chake.

"Ana selimundu, nimeona kwenye kikasha," akasema. "Mama, damu ya mtoto akiwa tumboni ni nyingine. Akishazaliwa mwili unaiacha polepole, unatengeneza ya ukubwani. Mtoto wa selimundu ile ya kwanza haimsumbui hata kidogo. Inayomuua ni hii ya pili. Mmea huu umekuwa ukimrudishia ile ya kwanza kila juma, tangu azaliwe. Kitovu ni chake, kwa hiyo mmea unaona ni mwili uleule, hauigusi mifupa yake, unarekebisha damu tu. Yeye ndiye mtu pekee kwenye mlima huu ambaye jani lake ni la kweli."

"Jani la kielelezo chenu je?"

"Kielelezo chetu hakimjui. Mtu aliyetolewa chembe zile hakuwa na ugonjwa huo. Mtoto atalamba na jani litabaki kijani."

"Nitakata tawi nikampandie mbali. Peke yake."

"Tawi bila shina mama halijui kitu."

"Vidonge?"

"Kiwanda kilifungwa, mama. Nani alikuwa ananunua?"

Naetwe akamkunja shati kifuani. Hakumpiga. Alimshika tu, kama anayetaka kumtikisa alitoe jibu lililobaki ndani. Mfinanga akaacha ashikwe.

"Ng'oa wewe," Naetwe akamwambia. "Mlipanda nyinyi."

"Kwenye mkataba mmea ni wa mwenye nyumba. Shirika haliugusi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ningekuwa na ubavu ningekudanganya, mama. Nisingekuambia habari ya mtoto."

Aliteremka mlima bila kunywa chai.

*

Naetwe hakung'oa. Hakung'oa siku ile, wala iliyofuata. Alipika, akafua, akampeleka Nakundwa shule. Usimhukumu kama hujawahi kumshika mtoto mkono ukaona vidole vyake vimenyooka vizuri, vyembamba, visivyo na uvimbe.

Alichofanya ni kumfuata mama mkwe wake kila saa alipokuwa na akili. Alimwogesha, akamlisha uji, akamwuliza.

"Mama, mjafari. Kuna mahali ulibaki? Hata mmoja. Hata mche mchanga."

"Mjafari," akasema Bibi Nakijwa, akilionja neno.

"Ule wenye miiba. Ulikuwa unamchemshia Mbonea."

"Mbonea kalala?"

"Kalala, mama. Na ukikosa mjafari ulikuwa unatumia nini? Kulikuwa na mwingine, mzizi wa njano, uliwahi kuniambia nikawa sisikilizi."

Uso wa bibi ukakunjamana kwa juhudi. Midomo ikajaribu. Naetwe alisogea mpaka pumzi zao zikagusana. Ndani ya kichwa kile laini kulikuwa na milima mizima, jani gani la nini, lichumwe lini, lichanganywe na nini, lipi linaua. Yote hayo hakuna aliyeyaandika, wala Naetwe hakuwahi kukaa ayasikilize, kwa kuwa jani moja lilikuwa linatosha.

"Ma," akasema Bibi Nakijwa. "Maa." Akaanza kulia, na mkono wake ukatafuta titi.

Kesho yake Mama Mshighwa alikuja akiwa amembeba mumewe mgongoni. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea kwa kuyumba, magoti yamekwenda nje. Nyuma yake walikuja wengine, wanajikokota kwa fimbo, wengine wanaburutwa kwenye maturubai. Walikaa uwanjani kuuzunguka Mponya. Mfinanga alikuwa amewapigia simu baadhi yao, alishindwa kubaki nalo moyoni.

"Mama Nakundwa," akasema Mama Mshighwa, "hatukuja kukulazimisha."

"Mmekuja kufanya nini na jembe?"

"Tumekuja kukuondolea. Ili usiwe wewe utakayeung'oa."

Naetwe akakaa kizingitini. "Haya," akasema. "Niondoleeni."

Kijana mmoja aliyekuwa mcheza mpira wa kata alishika jembe, akaliinua mpaka kifuani. Viganja vikajikunja kwenye mpini kama mkate, jembe likaanguka. Akajaribu mwingine. Kajiru akatambaa, akashika shina kwa mikono miwili, akavuta huku analia, na kilichonyooka ni mikono yake. Wakajaribu kuvuta kwa pamoja. Mponya ulitikisika kidogo tu, kama umepigwa na upepo.

Kisha wakaacha. Hakuna aliyemwangalia Naetwe usoni. Walikuwa wanaangalia mikono yake.

Nakundwa alikuwa amerudi kutoka shule, amesimama na mfuko wake begani. "Mnacheza kuvutana?" akauliza.

Mzee Mshighwa akamcheka mgongoni kwa mkewe, kicheko cha mtoto mchanga, fizi tupu, vile vijino navyo vimeshadondoka. Kifua chake kilikuwa kinaonekana jinsi kinavyoingia ndani kila akivuta pumzi, mbavu zinakunjika. Halafu kicheko kikakatika. Kifua kiliingia, hakikutoka. Mama Mshighwa alimgeuza, akampuliza mdomoni, akampuliza tena, na kadiri alivyopuliza mbavu zilikuwa zinainuka na kulala kama nguo. Alimwita kwa jina lake la ujana. Uwanja mzima uliona.

Naetwe alinyanyuka. Aliokota sururu iliyokuwa chini ya uchaga wa kuni.

"Nakundwa, nenda ndani."

"Kwa nini?"

"Nimesema nenda."

"Unachimba nini, mama?"

Naetwe alipiga. Udongo ulikuwa laini kwa mizizi. Kila alipopiga kitu cheupe kilichuruzika, kinanuka maziwa ya mama, na matiti yake, yaliyokauka miaka, yakamuuma. Alipiga na kulia kwa sauti kubwa isiyo ya aibu, akimtukana Mfinanga, akimtukana kila aliyebeba panga siku ile, na yeye mwenyewe akiwemo.

Shina lilipoanza kulegea alihisi kitu pembeni yake. Nakundwa alikuwa ameweka mfuko chini, amekamata tawi kwa mikono miwili, miguu ameikita vizuri.

"Nakusaidia," akasema. "Mama, vuta! Moja, mbili..."

Alikuwa na nguvu yule mtoto. Alikuwa na nguvu kuliko mtu yeyote pale uwanjani.

*

Majani ya Mraoni yalibadilika kabla ya mvua kwisha, kama fundi alivyosema. Watu walianza kusimama. Meno yalirudi makubwa. Kajiru alitupa fimbo. Mama Mshighwa alipanda kilima siku moja na beseni la viazi, kwa miguu yake, akiwa bado kwenye vazi la eda. Alifika mlangoni akasikia kilio cha mtoto kilichokuwa kinatoka ndani, akasimama. Aliliweka beseni chini taratibu, akageuka, akaondoka. Hakusema asante. Kwao anayekupa dawa hashukuriwi, ukishukuru haifanyi kazi.

Bibi Nakijwa naye utosi uliziba. Alikaa tena kibarazani, mgongo umenyooka, macho makavu, mwanamke mzima. Lakini kilichofutika hakikurudi. Alikuwa anajifunza upya kusema maji, kuku, moto. Naetwe alimwita mama, na yeye alimwita Naetwe mama.

"Mama," Nakundwa alisema kutoka kitandani, asubuhi moja ya baridi, "vidole."

Naetwe alivishika. Vilikuwa na moto, vimejaa, havikunjiki. Aliviweka kwenye maji ya uvuguvugu. Alimkanda. Alimwimbia. Maji yakapoa, akabadilisha, yakapoa tena. Mtoto alilia mpaka akaanza kukauka sauti, na Naetwe aliijua sauti ile inapoelekea, kwa sababu aliwahi kuisindikiza mpaka mwisho wake.

Akamfunga mgongoni, akatoka naye, akateremka bondeni. Majani yalikuwa mengi, mvua ilikuwa imeotesha kila kitu. Marefu, ya mviringo, yenye manyoya, yenye maua ya zambarau. Hakujua jina hata la moja. Alisimama katikati ya majani yale kama mgeni kwenye msiba wa mtu asiyemjua.

"Lipi, mama?" Nakundwa akauliza.

"Subiri."

Alichuma la kwanza, akalitia mdomoni mwake, akatafuna. Lilikuwa chungu. Akameza, akakaa chini kwenye umande na mtoto mgongoni, akasubiri aone kama litamuua.